Mkate Uliogusa Kifuniko

Niliyasikia makaa kabla sijaona kitu. Mama alikuwa anayapanga juu ya kifuniko cha sufuria, moja moja, na kila moja lililia kidogo kwenye bati. Nikajua ni Jumapili ya meza ya Bwana, na kwamba mkate unaookwa jikoni kwetu, kijijini Mbebe, Ileje, ndio kanisa zima litakaoumega.

Sasa naishi Tunduma, karibu na foleni ya malori ya Zambia. Kanisani tunapewa vikate vyeupe, vyembamba kama karatasi, vinavyoyeyuka kabla sijamaliza kuomba. Navipokea kwa heshima. Lakini ulimi wangu bado unautafuta ule mwingine: ganda lililoungua upande wa chini, uchachu kidogo, moshi. Utotoni niliamini kwamba Yesu mwenyewe ananukia jiko letu. Nikienda nyumbani namwomba mama aoke. Ananipikia chapati.

Asubuhi ile alikuwa na hofu. Mchungaji mpya alikuwa amemwambia kwamba mkate wa meza usitiwe chachu. Akiweza kuoka ulio bapa, ataendelea na kazi aliyoifanya tangu sijazaliwa. Asipoweza, kanisa litaagiza vikate vya paketi kutoka mjini. Mama alikubali. Hamira akaipandisha juu kabisa ya kabati. Lakini unga aliukanda jioni, ndani ya chungu kilekile cha siku zote, ambacho hakuwahi kukiosha, alikikwangua tu huku unga wa zamani ukibaki kingoni, akakifunika kanga na kukiacha karibu na mafiga mpaka alfajiri. Kwake, unga ambao haujalala haujawa mkate.

Alipofunua sufuria, mkate ulikuwa umevimba hadi kugusa kifuniko.

"Sijaweka hata punje," alisema.

Nikacheka. Akanichapa begani kwa kitambaa cha kushikia sufuria. "Unacheka nini wewe? Anakuja sasa hivi."

Mchungaji aliingia koti likiwa limelowa ukungu. Akautazama mkate.

"Mama, huu si umeumuka?"

"Hamira iko kule juu, baba mchungaji. Paketi haijafunguliwa. Kaangalie."

"Nakuamini. Ila umeumuka."

"Na baridi yote hii ya Ileje. Labda umependa wenyewe."

Mchungaji alitabasamu, akavuta kigoda, akamweleza taratibu habari za Waisraeli, walivyotoka Misri na unga ambao haukupata muda wa kuchachuka.

"Wale walikuwa wanakimbia," mama alisema. "Sisi tunakimbia nini?"

Nilimmiminia mchungaji chai. Akamega kipande cha mkate, akachovya, akala, akamega kingine. "Mtamu sana, mama. Sana." Alisema kwa moyo, na hapo ndipo uso wa mama ulipoanguka, kwa sababu mkate wa meza hakuna aliyewahi kuula na chai. Kisha mchungaji akatoa mfukoni paketi ya vikate vya mjini, akamwonyesha, akairudisha. Alikuwa amekuja nayo.

"Sawa, baba mchungaji," mama alisema.

Kwetu mgeni husindikizwa mpaka njia panda, hata kwenye mvua. Safari hii mama aliishia kizingitini. Alisubiri mchungaji akivuke, akafunga mlango.