Peremende Zisizo na Sukari

Kosa ni langu, lakini mama yangu ndiye aliyeingia nalo kaburini.

Miaka ya tisini nilikuwa nauza dukani mjini Machakos. Mdogo wangu akapata mchumba kabla yangu, na mimi ndiye kifungua mimba. Wivu ulinila vibaya.

Siku wakwe walipoleta mbuzi wa posa kijijini kwetu Kola, nilibeba pakiti ya peremende za wagonjwa wa kisukari. Karatasi yake ilionya usile nyingi: utamu ule tumbo haliusagi wote, huvuta maji na kukuharisha. Nilisoma mara mbili.

Msemaji wao, mjomba wa kijana, alikataa chai ya mama.

"Mimi niko na sukari, mama. Miaka mingi sijaonja kitu tamu."

"Hizi hazina sukari, mzee," nikamwambia. "Kula tu, ni za wagonjwa."

Alifurahi kama mtoto. Alimaliza pakiti nzima, akanibariki. Mimi nikaenda kuchekea jikoni.

Baada ya kula muthokoi wa mama, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, mzee alisimama kutaja kilichowaleta, akajiharia mbele ya watu wote. Wenzake hawakuumwa hata kidogo. Basi wakasema alilengwa yeye. Peremende hakuna aliyezishuku, kwa kuwa ni za wagonjwa.

"Huyu mama amemlisha nini?"

Wakafungua mbuzi wao wakaenda, na uchumba ukaishia hapo. Mama aliapa akilia. Mimi nilikuwa na tambara mkononi, nafuta kiti.

Tangu siku hiyo wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kulimiana, walikuja shambani kwetu na chakula chao. Mama alionja sufuria mbele yao, wakaangalia kando. Muthokoi wote tukawapa kuku. Na alivyopenda kulisha watu, Mungu wangu!

Alipokufa, hata matangani watu hawakugusa sahani zetu. Mdogo wangu, ambaye hakuolewa tena, aliniambia kando ya jeneza, "Aliniapia mpaka mwisho ati hakuweka kitu. Nilikataa kumsalimia hata hospitali. Wewe ungemwamini?"

Nikasema, "Hapana."

Wewe unayesoma, kama umemtia mtu lawama yako, sema angali hai. Ukingoja, utajikuta huna wa kumwomba msamaha.

Mdogo wangu hajui mpaka leo. Kila Jumapili huja kwangu, nampikia, na anamaliza sahani bila wasiwasi.