Agosti Niliyonyonyoa Mtufaha wa Shosho

Mti ukinyang'anywa majani yake yote, hukaa siku ngapi kabla haujafa? Nilikuwa na miaka tisa nilipojiuliza hivyo, na sikuwa na wa kumuuliza, kwa sababu majani yenyewe yalikuwa yamerundikana miguuni pangu na aliyeyatoa ni mimi.

Swali hilo lilinirudia juzi, niliposimama kwenye kitalu cha miche kando ya barabara, pale unapotoka Thika. Kulikuwa na miparachichi, kulikuwa na mimakadamia, na pembeni kabisa mche mwembamba wa mtufaha wenye kibandiko kilichoandikwa aina yake, Anna. Nimesoma chuo kikuu, nimezoea kudai ushahidi wa kila kitu, hata wa mambo ambayo mama huniomba niyaache jinsi yalivyo. Lakini kibandiko kile kilinirudisha Gitothua, viganja vyangu vikiwa vya kijani.

Tulikuwa tukiishi Kamenu, mtaa wa Thika, karibu na kiwanda cha nguo alikofanya kazi mama, na kila likizo nilipelekwa Gitothua, mtaa wa Ruiru, kwa shosho, mamake mama. Shosho alikuwa na nyumba ya mabati, kuku, na mitufaha miwili. Mmoja ulisimama mbele ya dirisha la chumba chake, na huo ndio uliokuwa Anna. Wa pili ulikuwa nyuma ya banda la kuku, ukizaa matunda madogo ya njano ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuyasifu. Mimi niliuona kama mtumishi wa ule wa kwanza.

Tufaha la Anna lilikuwa refu kidogo kuliko duara, shavu jekundu upande wa jua, kijani-njano upande wa kivuli. Ukiling'ata lilivunjika kwa sauti, utamu ukaja kwanza, kisha uchachu ukakukamata nyuma ya ulimi. Kasoro yake ilikuwa moja: halikuwa na subira. Likikaa ndani wiki mbili tatu liligeuka unga mdomoni. Kwa hiyo shosho hakuliweka. Mazuri tuliyala mabichi au tukawapelekea watu, yaliyoanguka aliyapika na sukari kidogo mpaka yakawa rojo la kupaka kwenye chapati, na maganda aliyachemsha kwenye chai. Hadi leo nikisikia harufu ya maganda ya tufaha yakichemka, nageuka kumtafuta mtu aliye nyuma yangu.

Mche huo shosho alipewa na mwalimu wa kilimo, ambaye alimweleza kwamba aina hiyo ilizalishwa Israeli, nchi ya joto, ili lipatikane tufaha lisilodai baridi kali kama mengine. Jirani yetu, mama wa kanisa aliyetenganishwa nasi na ua wa michongoma tu, aliposikia Israeli hakutaka kusikia zaidi. Huo ulikuwa mti wa Edeni. Nilimuuliza ni wapi Biblia inaposema tunda lile lilikuwa tufaha.

"Hii mdomo yako," akasema, "itakutafutia bwana mbali sana."

Hata mtufaha usiodai baridi kali bado unataka kulala kidogo, na Ruiru hakuna baridi ya kuangusha majani ya mtufaha. Shosho ndiye aliyekuwa baridi. Kila Agosti, mawingu ya Julai yakishaondoka, alipanda ngazi akanyonyoa jani moja moja kwa mkono, kama anayenyonyoa kuku wa Krismasi, mpaka kila mti ukabaki mifupa. "Mti ukiachwa na nguo zake hausikii kumekucha," alisema. Mimi nilikuwa mbeba kikapu. Sikuwahi kuona kilichotokea baada ya hapo, kwa sababu kila mwaka shule zilifunguliwa nikarudi Kamenu. Nilichojua ni kwamba majani hutolewa, na siku moja matufaha huwapo.

Agosti ile ya miaka yangu tisa, shosho alipelekwa hospitali Thika kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Mimi na mama tulihamia Gitothua kulinda nyumba. Mama aliondoka alfajiri kwenda kiwandani, akapitia hospitali jioni, na mchana kutwa jirani alinitupia jicho kupitia ua. Nikawaza: shosho akirudi akute kazi yake imefanyika. Nilichukua ngazi. Ilinichukua siku mbili. Nilipomaliza ule wa dirishani mikono ilikuwa imevimba, na ule wa njano nikauacha. Nani angeujali?

Jirani alitokeza kichwa juu ya michongoma.

"Haiya! Wewe! Ni nini hiyo umefanya?"

"Nimenyonyoa."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Woiye. Shosho yako ako kitandani na wewe unamuulia mti?" Akashika shavu. "Kwetu tulikuwa tunaambiwa, mti ya mtu ikikauka kama yeye ni mgonjwa, huyo hatoki hosi."

Sikumwamini. Nataka uelewe hilo. Hata wakati huo nilijua mti hauna simu ya kumpigia mtu aliyelazwa Thika. Lakini kutoamini jambo hakukuzuii kuliogopa, na usiku ule nililala nimekumbatia magoti nikisikiliza matawi matupu yakikwaruza dirisha.

Nikaanza kuhesabu siku. Mtu fulani alikuwa amenionyesha kwamba ukikwaruza ganda la mti kwa ukucha ukakuta kijani, mti u hai. Nilikwaruza kila asubuhi. Nilikwaruza mahali pengi hata shina likawa na madoa, ndipo nikaingiwa na hofu mpya, kwamba labda kukwaruza ndiko kunakoumaliza. Simu ya mama ikilia nilikimbilia chooni nikaziba masikio. Watoto hawakuruhusiwa wodini, kwa hiyo shosho niliyemjua wakati huo alikuwa maneno ya mama tu: leo amekula, leo hajaamka vizuri, leo kidonda kina joto.

Jioni moja mama alivua viatu mlangoni akasema, "Anauliza mti wake."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia uko vile aliuacha." Mama alikuwa akitoka na kurudi gizani, hakuwa ameuangalia.

Sikula siku hiyo.

Wiki ya tatu ikiishia, kwenye ncha ya tawi niliona kitu cha waridi, kidogo kama kichwa cha kiberiti. Kesho yake vilikuwa vingi. Mti ukajaa maua meupe yenye haya ya waridi, na siku zilezile shosho akaletwa nyumbani, mwembamba, amefungwa leso tumboni, akawekwa kitandani kando ya dirisha. Nililia nyuma ya banda la kuku, chini ya ule mti wa njano, uliokuwa umesimama na majani yake yote.

Ningependa kukuambia hofu iliisha hapo. Shule zilifunguliwa, lakini mwaka huo tulibaki Gitothua kumuuguza shosho. Maua yakaanza kuanguka, na kila lilipoanguka ua nilitazama kikonyo chake: hakikuwa na kitu. Jirani alikuja na uji, akachungulia dirishani, akaninong'oneza jikoni: "Maua bila matunda ni ya kuaga mtu." Basi kila asubuhi, kabla pazia halijafunguliwa, nilifagia petali zote nikazizika kwenye mbolea, ili shosho asijue anaagwa.

Akina mama wa kanisa walipokuja kumwona walileta matufaha ya dukani, maepo kama walivyoyaita, mekundu yanayong'aa. Niliiba matatu. Nilichukua uzi mweusi ambao mama alipewa kiwandani, nikapanda ngazi, nikayafunga kwenye tawi lililokuwa karibu kabisa na dirisha.

"Wewe, kuja hapa," shosho aliita asubuhi ile.

Nilisimama mlangoni.

"Hizo ni maepo gani zinazaliwa na stika?"

Kisha akacheka, akashika kidonda kwa mikono miwili, akacheka tena huku machozi ya maumivu yakimtoka. Mimi sikuweza kucheka. Nikamuuliza swali lililokuwa limenikaba mwezi mzima.

"Shosho, utakufa?"

"Nitakufa. Lakini si juu ya mti." Akanitazama. "Ni wewe uliunyonyoa?"

"Ndiyo."

"Na ule wa njano?"

"Hapana."

"Aya," akasema, akageukia dirisha.

Mti ule haukuzaa hata tufaha moja mwaka huo. Agosti iliyofuata shosho alikuwa amepona. Alisimamisha ngazi mbili siku moja, akapanda ya Anna mwenyewe, na mimi akanielekeza nyuma ya banda la kuku. "Wako ni ule. Usiache hata jani." Nilinyonyoa hadi jani la mwisho. Niliamini nimeadhibiwa, kwamba sitaaminiwa tena karibu na mti wa maana. Nilipewa ule wa njano kila Agosti hadi nilipoingia sekondari, na sikuwahi kuuliza, mimi niulizaye kila kitu.

Shosho aliishi miaka mingine kumi na mmoja. Alifariki mwezi wa Mei, miti yote miwili ikiwa imevaa majani. Sasa pale pana ghorofa ya vyumba vya kupangisha, na lilipokuwa dirisha lake pana tangi la maji. Jirani alihamia kwa mwanawe, na michongoma ikawa ukuta.

Kwa hiyo juzi, pale kitaluni, niliuinua ule mche nikamwambia muuzaji nauchukua. Alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu, na mikono kama ya shosho, ya kijani kwenye mikunjo.

"Uko na mwingine nyumbani?" akauliza.

"Mtufaha? Sina."

Akauchukua mkononi mwangu, akaurudisha chini, akauweka kando ya mche mwingine. "Anna akiwa peke yake atakupatia maua tu. Lazima akae na wa aina ingine, huu wa matunda ya njano, na uwanyonyoe siku moja ndio wachanue pamoja. Nyuki akitoa unga wa maua kwa huu wa njano, ndio Anna anazaa."