Mwaka Mama Alipofunga Mlango

Mama alianza kufunga mlango mchana. Mwanzoni alifunga saa za jua kali tu, akasema anakimbia joto. Baadaye akawa anafunga tangu ng'ombe wanapokwenda malishoni mpaka wanaporudi, akikaa chini na mgongo wake ameuegemeza mlangoni. Mimi nilikuwa ndani pamoja naye, na mimba yangu ya kwanza tumboni.

Niseme kwanza alikuwa nani kwangu, maana hakunizaa. Kwetu Wakurya, mwanamke ambaye hakupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, ili watoto wa msichana yule wawe wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Mimi niliolewa hivyo. Nilitoka upande wa Nyansurura, nikavushwa Mto Mara, nikaletwa Gorong'a nikiwa bado sijui hata kukoroga uji wa wimbi ukakubalika na wakubwa. Ulikuwa wakati wa Waingereza. Uhuru tulikuwa tukiusikia kwa watu waliotoka Musoma. Mume wa Mama alikuwa amekufa zamani. Mwanamume wa kunizalisha alichaguliwa na ukoo, akawa anakuja na kuondoka, na mambo ya nyumbani hayakumhusu. Niliyeishi naye ni Mama.

Alikuwa mtu wa sauti kubwa. Akicheka shambani, jirani wa ng'ambo ya kijito anauliza kuna nini. Alinifundisha kupalilia wimbi bila kung'oa miche, na nilipokosea alinipiga begani kidogo, tukaendelea. Sikuwa na shida naye.

Alikuwa na binti mmoja, aliyeolewa upande wa pili wa mpaka, Kenya. Binti huyo alikufa akijifungua, na mtoto wake pia. Habari ilitufikia wakati wameshazikwa. Mjumbe aliyeileta alikunywa maji, akasema aliyotumwa kusema, akaondoka. Nilingoja Mama apige yowe kama wanawake wote. Hakupiga. Alichukua jembe akaenda shambani, akalima sehemu ambayo tulikuwa tumeshailima.

Baada ya siku hiyo sauti yake iliisha. Aliacha kuoga. Aliacha kula, labda nimlazimishe. Halafu akaanza kuliangalia tumbo langu.

"Usitoke," akaniambia. "Huko nje ndiko alikofia."

"Mama, nikachote maji."

"Maji yapo."

"Yameisha tangu jana."

"Tutakunywa maziwa."

Nilipokwenda mtoni alikwenda nami ameshika pindo la nguo yangu, kama mtu anayeongoza mbuzi. Wanawake waliokuwa wakifua walipotuona walikusanya nguo zao mbichi wakapanda njia nyingine. Baada ya muda hakuna aliyepita kwetu kuomba hata moto. Nyumba ilijaa moshi na giza. Nililala mchana kwa kukosa la kufanya, nikiamka namkuta amenikazia macho. Mara nyingine alikuwa anasikiliza kitu upande wa ghala, ananiambia ninyamaze kwa sababu binti yake anaita. Nilimpenda na nilimwogopa.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma letu. Nilimwita tata, yaani baba. Alimleta mtazamaji wa mambo yaliyofichika, akachinjwa mbuzi, tukapakwa vilivyopaswa kupakwa. Mama alikaa vile vile. Ndipo siku moja alipotoka mbio kuelekea barabara ya Kenya, akapatikana jioni kwenye kichaka, miguu inatoka damu. Kesho yake tata alikuja na gogo lenye tundu. Aliingiza mguu wa Mama katika tundu lile, akapigilia kijiti.

"Mama mkwe wako ameshapotea," akaniambia. "Sasa wewe unaweza kutoka."

Nilitoka. Nilitembea mpaka kwetu Nyansurura, tumbo mbele, nikalala njiani kwa watu wa kanisa. Nilimwambia baba yangu mzazi kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na macho yake yalikuwa na huruma, hilo siwezi kumnyima.

"Wale ng'ombe wa mahari yako ndio waliomwoa mke wa kaka yako," alisema. "Yule pale, anatwanga. Nikuweke wewe, nimrudishe yeye?"

Nilimtazama wifi yangu. Alikuwa amesikia, na mchi wake ulikuwa umesimama hewani. Mama yangu mzazi alinifungia viazi vitamu katika nguo, akanisindikiza hadi tulipoliona bonde, akarudi. Nilipokuwa nashuka kwenda mtoni niliwaza kwamba kuna watu wawili waliofungwa gogo, ila langu halionekani.

Nilirudi kupitia misheni, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba na nilisikia kuna zahanati ya wajawazito. Mkunga wa pale alikuwa Mkurya mwenzetu, mama wa makamo, amevaa gauni jeupe na viatu vya kiume. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Alinipima tumbo, akanibonyeza miguu. Kisha akauliza, "Unalala?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nililia mpaka akafunga pazia.

Nilipomaliza kumweleza, alivuta kiti akakaa karibu nami. "Mimi ni mkunga," alisema. "Dawa ya kichwa sina, na daktari wetu hana. Iko hospitali ya serikali ya wagonjwa kama hao, mbali sana, siku nyingi kwa gari. Njia ya kwenda huko inaanzia bomani, kwenye ofisi ya serikali, na bomani watamweka kwanza mahabusu pamoja na wezi. Sikushauri uanzie huko."

"Sasa nianzie wapi?"

"Huo ni ugonjwa. Anza kwa kuuita ugonjwa. Watu wanakimbia kwa sababu wanadhani ni laana itakayowarukia. Jumamosi nitakuja."

Nilidhani ni maneno ya kunituliza. Jumamosi alikuja kweli, kwa baiskeli, na mwanamke mwingine wa kanisa nyuma. Alimkuta Mama kivulini pembeni mwa ghala, mguu umechubuka na nzi wamekaa juu yake. Aliuosha mguu kwanza. Alikuwa anauosha huku tata akija kutoka zizini, na fimbo yake mkononi.

"Nikimfungua akaenda kujitupa mtoni, utanijibu nini?" tata akauliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alikuwa na hofu kama sisi.

Mkunga aliendelea kuosha. "Nitaleta watu wa kukaa naye. Akikaa na mtu, hahitaji gogo."

"Watu gani watakubali?"

"Mmoja huyu hapa."

Yule mwanamke aliyekuja naye alikuwa ameshakaa chini karibu na Mama, amenyoosha miguu. Hakumwombea wala hakumkemea. Alimuuliza, "Binti yako alipokuwa mdogo, alipenda kula nini?"

Mama alimgeukia. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamka, "Ukoko. Ukoko wa ugali. Nilikuwa namfukuza kwenye chungu." Halafu yowe ambalo nililingoja tangu siku ya mjumbe likatoka. Tata aligeuka akatazama ng'ombe. Alipogeuka tena, alipiga magoti, akakitoa kile kijiti kwa mkono wake.

Sitaki mtu adhani alipona siku ile. Wanawake wa kanisa walikuja kwa zamu, wengine wakaja mara moja wasirudi, mmoja alikatazwa na mumewe. Waliokuja walipalilia naye, wakamchambulia mboga, wakamwacha anyamaze alipotaka kunyamaza. Nilipojifungua mtoto wa kike kule zahanati, kwa muda mrefu Mama alikataa kumtazama. Baadaye ikawa kinyume: alimshika asitake kumpa mtu, hata mimi mwenye maziwa, na ilinibidi nimbembeleze huku mtoto analia kwa njaa. Mvua za masika zilipokuja alirudi ndani, akaanza tena kusikiliza ghala. Tulijua la kufanya, basi. Nilituma habari kwa mkunga, zamu zikaanza upya.

Wakati wa mavuno mkunga aliniomba niseme kanisani, baada ya ibada. Nilisimama mtoto mgongoni, nikasema Mama wetu ni mgonjwa, kama vile mtu anavyougua tumbo, na kwamba aliyesaidiwa zaidi na wale akina mama ni mimi, kwa sababu nami nilikuwa naelekea kuugua. Kikurya kina neno moja tu kwa mtu kama yeye, na neno hilo ni la kutukania, kwa hiyo nilizunguka sana kutafuta namna ya kulikwepa. Nyuma yangu mtu akanung'unika kwamba mke mzuri haaniki nyumba yake. Tata alinitazama kwa ukali, na nyumbani hakusema nami hadi siku ya pili.

Niliendelea kuishi pale. Sikuwa na pa kwenda, na miaka yote aliyoishi Mama nilikuwa wake, kwenye uzima wake na kwenye ugonjwa wake. Zipo siku nilizomchukia kwa hilo. Siku nyingine tulikaa tukichambua wimbi, akacheka kile kicheko chake cha zamani, mtoto akashtuka, nami nikamcheka mtoto.

Wiki moja baada ya mimi kusema kanisani, alikuja mwanamke ambaye sikumfahamu, kutoka upande wa Genkuru. Alisimama nje ya ua akikunja kanga yake mikononi. Alisema mume wake hajazungumza tangu aliporudi kutoka kazini Kenya, anakaa nyuma ya nyumba akitazama ukuta, na watoto wanaogopa kupita. Aliuliza kama ni kweli kuna watu wanaokuja.

Nilimwelekeza kwa mkunga. Lakini alikuwa ametembea tangu alfajiri, na uchovu wa uso wake niliujua. Nikaenda naye. Tulimkuta yule mwanamume pale pale alipomwacha. Nilimsalimu, hakuitikia. Mkewe alitoa ungo wa maharage ambayo hayajapukuchuliwa, nikavuta kigoda, nikakaa si mbali naye, tukaanza kupukuchua.