Siku Niliyomvisha Binti Yangu Koti

Mhariri, jina langu lifiche, kwa sababu huku kwetu chini ya mlima Kasigau likitajwa hata mbuzi wanageuka. Nina miaka arobaini na minne, mke mmoja, watoto watano, na mimi ndiye mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi ya hapa. Cheti cha ualimu sina. Shule niliishia kidato cha pili, lakini dunia nimeisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Nimepakua meli Mombasa, nimepika kwenye treni, na pale stesheni ya Voi hakuna mtu wa reli ambaye sijamfunga drafti. Wengine waliacha kucheza kabisa, wakaokoka.

Na hesabu naipenda, wasomaji wenzangu. Ndovu wakiingia mahindi, wengine wanalia, mimi naleta darasa. Tunazungusha kamba ya katani kwenye alama ya mguu wa mbele, tunazidisha mara mbili, na huo ndio urefu wake mpaka begani. Mwenye shamba mmoja aliniuliza, "Sasa mwalimu, nikishajua urefu wake nitavuna?" Nikamwambia, "Angalau umjue aliyekula."

Sasa kisa chenyewe. Kifungua mimba wangu, nitamwita Mghoi ingawa si jina lake, nilimfundisha darasa la saba. Shuleni aliniita Mwalimu, nyumbani Baba. Siku moja niliandika ubaoni nane kujumlisha mbili mara tano, nikatoa jibu hamsini. Mghoi akainua mkono.

"Mwalimu, mimi napata kumi na nane. Ukiwa na mahindi manane, ukaongezwa mafungu mawili ya matano matano, hayawezi kufika hamsini."

Mtu mwingine angefikiria. Mimi nikavua koti langu nikamvisha. "Basi leo mwalimu ni huyu. Mwalimu, tufundishe." Koti lilimfika vifundoni, mikono haionekani. Watoto walicheka mpaka madawati yakagongana, na mimi nilicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo jina lake shuleni likawa Koti.

Likizo ya Agosti tukaitwa kozi Voi, sisi walimu tusio na cheti. Mkufunzi akaandika hesabu ya aina ileile. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa, nikasimama, nikajumlisha kwanza, nikajibu kwa sauti kabla ya wote. Yule bwana alikuwa na adabu, aliniambia taratibu tu, "Kuzidisha kwanza, mwalimu, halafu ndiyo kujumlisha." Nikakaa chini. Sikuona ubao tena, niliona ile mikono ya koti inaning'inia.

Shule ilipofunguliwa nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Wakubwa wa Nairobi wamebadilisha mtindo. Siku hizi tunaanza na kuzidisha." Ndivyo nilivyosema. Mghoi alinakili, hakuinua kichwa, na mkono hakuuinua tena mwaka ule. Mtihani wa CPE, ule wa kumaliza darasa la saba, alifanya vizuri Kiingereza, hesabu ikamwangusha, na shule ikaishia hapo.

Mama yangu ni mtu wa zamani. Alisema mtoto haanguki hivi hivi, kuna mtu wa nyumba hii amemfungia kitu moyoni. Sisi Wataita tuna kutasa: mnakaa pamoja, kila mtu anasema lililo moyoni, anapiga funda la maji anayapuliza nje, na lile jambo linatoka nayo. Mke wangu alisema aliwahi kumkasirikia kwa kuvunja chungu, akapuliza. Zamu yangu ikafika, Mghoi ananitazama. Nikasema, "Kama nina lolote juu ya mtoto huyu, litoke." Kama. Nikapuliza kidogo, mengine nikayameza.

Mama akauliza, "Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, mama."

Leo Mghoi ana miaka kumi na tisa, ananilimia na kufukuza nyani. Mwezi huu muuguzi wa zahanati alikuja nyumbani. Kuna hospitali ya misheni inachukua wasichana wa kufunzwa kusaidia wauguzi, mtihani ni wa hesabu peke yake, na yeye amemwona Mghoi akimsaidia pale zahanati kugawa dawa bila kukosea hata kidonge. Fomu irudi kabla ya mwezi kuisha. Nikamwambia, "Jaribu, mwanangu." Alikuwa anachambua mboga, akanijibu bila hasira.

"Baba, mimi hesabu ilinikataa. Wewe ni mwalimu, uliona mwenyewe. Niache tu."

Kila jioni naanza kumwambia. Nikifika katikati mdomo unatoa mzaha, nyumba nzima inacheka, naye anacheka. Kuchekwa na kijiji nitazoea, nimewacheka sana wenzangu. Ninachoogopa ni atakaponiuliza, "Baba, ulijua tangu lini?" Nitamjibu miaka mitano, na siku ile ya maji nilikuwa najua? Miaka yote hii amejiona mjinga, na bado ananiwekea chakula akinipigia goti.

Ninyi wenye mabinti, na ninyi mabinti wenyewe, nielekezeni. Nianze na neno gani? Na nikishalisema, nibaki nimemtazama usoni, au nitoke nje nimwache alie?