Kupe wa Mchakamchaka

Mpaka leo nikisikia filimbi alfajiri, magoti yangu hukaza kabla sijaamka vizuri. Miaka ile ya Ujamaa, shule yetu kule juu mlimani ilianza siku kwa mchakamchaka, ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba na nyasi zikiuma nyayo kwa baridi. Wenzangu walikimbia wakiimba. Mimi nilijikokota nyuma, magoti yamevimba, vidole havikunjiki. Lakini jua likishapanda viungo vililegea, na jioni nilicheza mpira kama wengine. Hapo ndipo Mwalimu wa zamu aliponikamata. "Kupe huyu!" alitangaza mstarini. "Asubuhi kilema, jioni mchezaji!" Wakacheka, akanichapa, na jina la Kupe likaniganda.

Mama alinipeleka hospitali mjini mara nyingi. Tulitoka kumekucha, tukangoja basi, tukapanga foleni. Nilipofika mbele ya daktari ilikuwa karibu adhuhuri na natembea vizuri. Mmoja alisema malaria, mwingine minyoo, mwingine eti nakua tu. Mimi hata dawa sikuitaka. Nilitaka jina la ugonjwa, nikamtupie Mwalimu usoni.

Mwishowe Mama akang'amua. Tulishuka jioni, tukalala kwa shangazi, mtaa wa Majengo, na kabla hakujapambazuka akanibeba mgongoni, mvulana mkubwa mzima, mpaka mlangoni pa hospitali. "Mtazame sasa, daktari," alisema, "kabla jua halijakudanganya." Daktari, mwanamke wa makamo, alinibonyeza magoti nikapiga yowe. "Hii ni baridi yabisi," akasema. "Watoto nao huipata." Mama alilia. Mimi nilicheka.

Mwalimu alipoambiwa alijibu, "Basi asikimbie." Radhi hakuomba.

Nilimngoja miaka mingi. Nilipokuwa nimeshafungua duka langu huku Rau, aliingia asubuhi moja, mstaafu mwenye mkongojo, magoti yamevimba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nipe kiti kidogo."

Kiti kilikuwa kando yangu. "Asubuhi kilema, jioni mchezaji," nikamwambia. "Subiri jua."

Alinitazama, akanijua. Akaegemea kaunta, akanunua chumvi yake amesimama, akaondoka. Siku ile chakula kilikuwa kitamu mdomoni mwangu.

Sasa mtoto wa jirani ana ugonjwa huohuo. Mwalimu wake ndiye aliyesema apelekwe hospitali mapema, na vidonge anavyo. Mwalimu wangu alishafariki, sikumwomba radhi, kama naye asivyoniomba. Kiti kile ninacho bado. Kila asubuhi viungo vikinigomea hukikalia kungoja jua, na pale kwenye kaunta namwona amesimama.