Viazi vya Dakika Nane

Enzi zetu, sisi tuliokulia Mandawa, kiazi kitamu kilikuwa kazi ya kutwa. Ukifika wakati wa kufagia chini ya mikorosho, tulilundika majani makavu, mama akayawasha, na moto ukishakufa tukavumbika viazi kwenye majivu. Kila mtoto alitoboa chake kwa mwiba, kisha tukarudishwa kwenye fagio. Harufu ilitufuata mti hadi mti. Tukijisogeza kwenye majivu, mama alituwahi: "Kiazi hakikimbiliwi! Subira nayo ni mboga."

Siku moja kaka yangu Hamisi hakutoboa. Alipoinama kukifukua, kikampasukia, akainuka na nyusi nyeupe kama babu. Mama hakumpa hata pole. "Umekiziba pua, ulitaka kipumulie wapi?"

Tulikula jua likizama, maganda na yote, midomo myeusi, vidole vinaungua. Halafu tulilala fofofo. Utamu ule sijauona tena, na nimetembea masoko mengi.

Mwezi uliopita mama aliletwa kwangu Nachingwea mjini kutibiwa. Amebaki mifupa na maneno. Siku tatu alikataa chakula, na vidonge vyake havimezwi tumbo likiwa tupu. Nilipika wali wa nazi, akasema unanuka. Nikaleta kuku, ambaye nilimbania muuzaji bei mpaka akatishia kubaki na miguu ya kuku. Mama akamtazama yule kuku kama mgeni asiyealikwa. Jioni ya siku ya tatu akanong'ona, "Kiazi cha majivuni ningekula."

Nikatoka mbio uani. Nyumba ya vigae, jiko la gesi. Majivu niyatoe wapi? Nilikuwa naokota vijiti aliponikuta Zuhura, binti wa Hamisi ninayekaa naye.

"Shangazi, utavunjika mgongo bure. Si maikrowevu ipo? Dakika nane tu."

"Dakika nane! Na moto uko wapi?"

"Haina moto."

Mimi na biashara isiyo na moshi hatujuani. Nikasimama mbele ya kile kisanduku, taa imewaka, kiazi kinazungushwa kama bibi harusi anayeonyeshwa kwa wageni. Nikatazama saa ya ukutani, nikahakiki na ya simu. Dakika ya tano, paa! Kioo chote kikajaa ujiuji. Zuhura akapiga yowe. Ndipo ikatoka chumbani sauti ya mtu ambaye tangu asubuhi hakuwa na nguvu ya kugeuka ubavu:

"Nani hakutoboa?"

Alikuja akishika ukuta. Akaomba uma, akatoboa kingine mwenyewe, akaketi kungoja. Kilipotoka alikipuliza, akala, akamaliza. Akameza vidonge.

"Hakina moshi," akasema. "Lakini ningekuwa na dude hili, nisingewatesa."

"Si ulikuwa unatufundisha subira, mama?"

"Subira gani, mwanangu? Viazi vilikuwa vya mlo mmoja. Nikiwapa mchana, usiku mnalia. Nikiwachelewesha mpaka magharibi, mnalala."

Miaka yote hii nanunua na kuuza ufuta, hajatokea mtu wa kuniuzia mlo mmoja kwa jina la miwili, nami nikaondoka nashukuru.

Vijana wa leo dakika nane wanaziona nyingi, wanagonga kioo kwa kucha kana kwamba kiazi kina masikio. Huwa nawasema sana. Siku ile sikumsema Zuhura. Enzi zetu zilikuwa tamu, nitalisema hilo mpaka naingia kaburini, na hakuna kisanduku kitakachonirudishia harufu ile. Ila nilikaa nikijaribu kukumbuka katika yale majivu kiazi cha mama kilikuwa kipi. Nikahesabu, nikarudia kuhesabu. Watoto sita. Viazi sita.

Nikachukua uma, nikamtobolea mama kingine.