Neno la Nyuma ya Kioo

Fundi vioo wa magari ya safari, yale yenye kitanda na jiko ndani, hugonga kila dirisha kwa kifundo cha kidole, kisha huinamisha kichwa kama anayesubiri kuitikiwa hodi. Viganja vyake havikauki gundi. Mteja akimuuliza kama kioo cha tabaka mbili kina faida, humwonyesha kwa vitendo. Humfungia ndani ya gari la maonyesho, akatoka nje, akasema jambo kwa sauti huku akitabasamu. Mteja hasikii kitu, hucheka, hununua.

Leo alikuja mwalimu mstaafu, mama wa kofia ya sufu. Fundi akamfungia, akatoka, akasema yale yale asemayo siku zote ili nafsi isimsute: “Kama hulali penye baridi, mama, kioo cha tabaka moja kinatosha. Usijitie hasara bure.”

Mama akafungua dirisha. “Tunakwenda kulala milimani, mwanangu. Weka cha tabaka mbili.”

“Lo! Kumbe kinapitisha sauti!”

“Hata chembe. Nimefundisha watoto viziwi miaka thelathini. Midomo naisoma.”

Fundi akajiziba mdomo kwa kiganja, akasahau kwamba kimejaa gundi.